Betri Kubwa, Geji ya Zamani

Jumatatu, 3 Machi

Fundi ameniagiza ninunue daftari. "Kila siku andika kilomita ulizotembea na uniti za umeme ulizoweka," alisema. "Usipoandika, siku ya kubadilisha betri nitakuwa natibu mgonjwa asiye na cheti." Nimenunua la kurasa mia, jalada gumu. Kilomita na uniti zinachukua mstari mmoja tu, na mimi si mtu wa kuacha kitambaa kikae bure mezani, kwa hiyo nafasi inayobaki nitaijaza na mengine.

Gari langu la umeme lina miaka kumi na miwili. Lilipokuwa jipya lilikwenda kilomita mia na ishirini kwa chaji moja. Leo likijazwa mpaka juu linakwenda hamsini na tano siku ya jua, na siku ya mvua hata hamsini hazifiki. Kazi yangu ni kushona mapazia na kuyatundika. Wateja wa mbali nimeshawaacha mmoja mmoja, na kila mmoja nilimpa sababu yake.

Lakini si wateja walionipeleka kwa fundi. Mdogo wangu, mpima ardhi, amepewa uhamisho. Mwisho wa Aprili anarudisha nyumba ya kazini na kwenda kituo kipya, siku mbili za safari kutoka hapa. Baba anaishi kwake. Jana alinipigia simu: "Dada, ama aje kwako, ama niende naye huko. Na nikienda naye, tusidanganyane, utamwona siku ya kumzika." Kwake ni kilomita sabini na moja, karibu zote za kupanda, na njiani hakuna pa kuchajia. Kupanda basi Baba hawezi tena tangu abadilishwe nyonga. Daktari amesema akae mbele, kiti kilazwe, miguu inyooke.

Nilimjibu nitaona. Ukweli nauandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: sitaki aje. Hatujagombana. Sijui tu tutazungumza nini siku ya pili yake.

Km 23. Uniti 5. Mawingu.

Alhamisi, 6 Machi

Km 31. Uniti 6. Mvua ya kwanza. Wipa za mbele nimeziwasha kwenye mteremko tu.

Jumatano, 12 Machi

Leo jirani yangu ameniomba nimfikishe kliniki. Nilifungua mlango wa upande wa pili, akachungulia, akaona fimbo za mapazia na sakafu tupu. "Sasa nikae wapi, jirani?" Nilijisikia vibaya, akaenda zake na mwavuli.

Ni mimi niliyelivua gari hili nguo moja moja. Nilianza na tairi la spea, maana tairi ni uzito na uzito unakula chaji. Ikafuata jeki. Kikafuata kiti cha nyuma, ambacho kipo stoo na panya wamekifanya wodi ya wazazi. Mwisho nikang'oa kiti cha abiria cha mbele, ili fimbo ndefu zilale kutoka dashibodi mpaka nyuma bila kupinda. Hicho hata sikumbuki nilikipeleka wapi. Redio siwashi. Kioo kikifuka mvuke nakifuta kwa kitambaa badala ya kuwasha feni. Kila nilipokata kitu nilipata kilomita moja au mbili, na kila mwaka betri ikazichukua.

Km 18. Uniti 4. Mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Betri imepatikana. Fundi ameitoa kwenye gari la aina hii hii, ila toleo la karibuni, lililogongwa nyuma likaharibika lisitengenezeke. Yangu ilibeba uniti ishirini na nne enzi za ujana wake. Hii inabeba arobaini. Mashimo ya kufungia ni yale yale, lakini ni nene zaidi kwa vidole vitatu na nzito kuliko ya zamani kwa watu wazima wawili.

"Springi zitahimili?" nilimwuliza.

"Ng'ombe hashindwi na nunduye," alisema, kisha akapima springi mara mbili, kwa hiyo hata yeye methali hakuiamini peke yake.

Nilikaa saa nzima nikimngoja amalize kupima. Gereji yake ina kiti kimoja cha wateja, kifupi, kimefunikwa shuka la maua. Nakiri kinanikaa mgongoni kuliko kiti chochote cha nyumbani kwangu.

"Tunaanza lini?"

"Kesho, Mama Mapazia."

Mtaani kote anaitwa Fundi Kesho. Nilifikiri ni utani tu.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Fundi kasema kesho.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Kesho. Km 12.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nilipofika gereji alikuwa ananoa patasi, kazi ambayo ingeweza kungoja mpaka wajukuu zake. Akaanza, "Subira yavuta heri," nikammalizia, "na ngoja ngoja huumiza matumbo." Akacheka. Mimi sikucheka. Zimebaki wiki tano.

Jumapili, 23 Machi

Mdogo wangu alimpa Baba simu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nasikia unaitia redio yako betri mpya."

Siku niliponunua gari hili alilizunguka mara moja, akauliza bomba la moshi liko wapi, akasema nimeuziwa redio yenye magurudumu. Miaka kumi na miwili baadaye bado anafurahia maneno yake. Baba aliendesha lori kwa miaka thelathini na nne.

Nikamwambia naweza kutafuta gari lenye dereva mzuri, likamchukua siku yoyote, asingoje mimi na fundi wangu.

"Dereva nani?"

"Dereva tu, Baba. Mtu wa kazi hiyo."

"Nimefundisha watu wawili udereva. Mama yako, Mungu amrehemu, na wewe. Siendeshwi na mwingine. Kama hamna nafasi nitakwenda na mwanao huyu, huko anakokwenda." Baba anapokasirika, mdogo wangu huwa mwanangu.

Baada ya simu nilikaa na mkasi mkononi, sikukata kitu. Lori la Baba halikuwa na geji ya mafuta inayofanya kazi. Ilikufa kabla sijazaliwa na hakuitengeneza. Alikuwa na kijiti chenye alama, anakizamisha tangini, anakitoa, anakinusa, kisha anaandika kwa chaki ndani ya mlango: lita ngapi, maili ngapi. Hakuishiwa mafuta njiani hata mara moja, na jambo hilo alilirudia mezani mpaka likatuchosha. Alijua lori limebakiza lita ngapi usiku wa manane katikati ya pori, na hakujua mimi niko darasa la ngapi. Nina miaka hamsini na tatu na bado linaniuma.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Km 9. Sikumpigia fundi.

Ijumaa, 28 Machi

Leo uvumilivu umeniishia. Nilifika gereji nimelowa, nikamwambia fundi kwamba nimechoka na kesho zake, kwamba baba yangu si mzigo wa kungoja hali ya hewa, na kwamba kama kazi hii haiwezi aseme, mafundi wapo. Niliyasema mbele ya mteja mwingine. Aliningoja mpaka nikamaliza. Kisha akaniashiria niangalie juu.

Bati la gereji lina matundu mengi. Maji yalikuwa yanadondokea pale pale ambapo gari linapandishwa.

"Betri hii ina volti karibu mia nne," alisema. "Nikiifungua, mikono yangu miwili iko ndani. Gereji hii tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu. Mvua kama hii, mteja ana haraka kama wewe. Ilikuwa betri ndogo kuliko hii." Akavua glovu ya kushoto, akanionyesha kovu linalopita kiganjani. "Mimi nilikuwa nimemshika kwa mkono huu."

Niliomba radhi. Yeye akanitengenezea chai, nikainywa kwenye kile kiti chenye shuka huku naona aibu. Jina la Kesho hajalipata kwa uvivu, na mimi nimelitumia mwezi mzima kama wote.

Nikiwa njiani kurudi niliwaza: mtu ananyeshewa anapofanyia kazi, na mimi kazi yangu ni mapazia.

Jumatatu, 31 Machi

Nimepima gereji. Mita nne kwa sita. Turubai zito la lori, nimelishona mshono mara mbili na kuupaka nta. Sindano tatu zimevunjika.

Jumatano, 2 Aprili

Paa la turubai nimelitega mteremko ili maji yaende kwenye mfereji, na pande nne nimeziwekea pazia la kuvuta, reli na vikorokoro vyote, kama ya wodi ya hospitali. Fundi alilivuta, akalirudisha, akalivuta tena, uso umemng'aa.

"Mama Mapazia, hili hata waziri hana."

"Kesho?" nilimwuliza.

"Jumamosi. Turubai lizoee mvua kwanza, tuone." Nilishangaa kwamba sikukasirika.

Jumamosi, 5 Aprili

Imefanyika. Naandika kwa urefu kwa sababu sitaki nisahau.

Fundi alivua saa, akavua pete, akaniomba na mimi nivue bangili ingawa alinikataza kugusa chochote. Akavaa glovu nene za mpira, akazijaza pumzi kwanza kuangalia kama zina tundu. Kisha akang'oa kiziba cha rangi ya chungwa kinachokata umeme mkubwa, akakitia mfukoni mwake. "Kikiwa mfukoni mwangu hakuna atakayekirudisha kwa bahati mbaya." Tukakaa dakika kumi na tano bila kufanya lolote, umeme uliobaki upoe. Mvua ilikuwa inapiga turubai kwa nguvu na ndani kukavu kabisa. Nilisikia fahari ambayo sijaisikia kwa pazia lolote la sebuleni.

Nati za chini zilikuwa zimeoza kwa kutu. Mbili alizifungua kwa spana, nne kwa mafuta na subira, moja aliikata. Betri ikashuka juu ya meza ya jeki polepole, na gari likanyanyuka juu ya springi zake. Nilikuwa sijui kwamba gari langu lilikuwa limebeba sanduku kubwa kama kitanda miaka yote hii. Akapima seli moja moja na kunionyesha zilizochoka. Ziko upande mmoja, nyuma, ambako joto lilikuwa linakaa.

Betri kubwa ikapanda. Aliongeza vipande vya chuma alivyovichonga mwenyewe, kwa sababu ya vile vidole vitatu, na akabadilisha springi za nyuma. Saa kumi jioni akarudisha kiziba, akaniambia nikae kwenye usukani. Nilibonyeza. Gari likaamka.

Na geji ikasema mia kwa mia, ambalo ni jambo zuri, lakini fundi hakufurahi. Akaunganisha kimashine chake, akakitazama kwa muda.

"Betri na gari hawajaelewana," alisema. "Gari linafikiri lina tumbo lile lile la zamani, la uniti ishirini na nne. Litahesabu mpaka ishirini na nne ziishe, litasema sifuri. Wakati huo ndani bado una kumi na sita."

"Na likisema sifuri litasimama?"

"Halipaswi."

"Halipaswi, au halitasimama?"

Alijikuna kichwa. Kuna kifaa kidogo cha kuwapatanisha, amekiagiza. Nilimwuliza kitafika lini. Akafungua mdomo, akaufunga, tukaangua kicheko wote wawili.

Jumatano, 9 Aprili

Km 64 bila kuchaji. Nilienda kwa mteja niliyemwacha mwaka juzi. Amepata mtu mwingine. Lakini nilifika.

Jumamosi, 12 Aprili

Majaribio. Nimezunguka barabara ya pembezoni mwa mji tangu asubuhi, tambarare, jua kidogo. Kwenye kilomita 121 geji ilisema sifuri, na kobe mdogo mwekundu, taa ya onyo la chaji, akawaka. Gari likaendelea vile vile, lakini mimi sikuweza. Nilienda kilomita tisa nyingine nikitafuta kwa macho mahali pa kusukumia gari, nikarudi nyumbani. Fundi amepima, kasema imebaki zaidi ya theluthi. Ameniambia kwa upole, "Hii inafika mia mbili, Mama. Iamini." Nilimwambia naiamini.

Siiamini. Miaka kumi na miwili nimeishi kwa kuitii namba ile.

Km 130. Uniti 26 kujaza.

Jumanne, 22 Aprili

Zimebaki siku nne na leo ndipo nimekumbuka kwamba Baba hana pa kukaa. Nimegeuza stoo juu chini. Nimewauliza wauza vyuma vya zamani. Kiti cha abiria cha gari hili hakipatikani popote, na mtu wa nyonga ya bandia huwezi kumweka juu ya kigoda. Niliingia gereji maji yamenifika shingoni, nikajitupa kwenye kiti cha wateja na kumweleza fundi.

Akaweka spana chini.

"Mama Mapazia, inuka."

Niliinuka. Akavuta shuka la maua. Lile doa la chai kwenye mkono wa kulia ni langu, niliimwaga mwaka wa kwanza. "Ulinipa mwenyewe," alisema. "Ulisema, Fundi, tupa, sina wa kumpakia."

Nimekikalia msimu mzima.

Jumamosi, 26 Aprili

Saa moja na nusu asubuhi niliondoka, geji mia, mvua nyepesi. Kiti kilikuwa mahali pake na kila nilipogeuka kushoto nilishtuka kukiona. Mlima ulikula chaji kama nilivyotarajia. Nilifika kwa mdogo wangu, kilomita sabini na moja, geji ikisema 28.

Mpango ulikuwa nichaji kwake mpaka jioni. Nilitoa waya, nikatafuta soketi. Mdogo wangu akasimama mlangoni na boksi mkononi, haniangalii.

"Umeme hakuna, Dada. Nguzo ilianguka juzi."

"Juzi. Na jana tumezungumza dakika ishirini."

"Ningekwambia ungesema huji."

Ni kweli ningesema. Lori la mizigo lilikuwa limeshapakiwa, funguo zinakabidhiwa saa kumi. Akaniambia taratibu, bila ubaya, kwamba godoro la Baba lipo juu ya lori, halijafungwa bado. Nikisema haiwezekani, ataondoka naye. Nilitazama ndani. Baba alikuwa amekaa kwenye boksi la vitabu, amevaa kofia yake ya kazi na amechana ndevu. Begi lake lilikuwa miguuni, kamba imeshafungwa. Alikuwa amejiandaa tangu saa ngapi sijui. Ndipo nilipojua nataka aje. Sikuwa nimejua mpaka pale.

"Shusha godoro," nilimwambia mdogo wangu. "Atakuwa na kitanda kwangu, lakini lishushe, tutalifunga juu ya paa."

Tukamwekea mfuko wa plastiki juu ya kiti ili ateleze na kugeuka bila kuikunja nyonga. Alikaa, akajinyoosha, akagonga mlango. "Redio yako nzito siku hizi," alisema, nikajua ameridhika.

Nusu saa ya kwanza tulizungumza juu ya barabara. Nusu saa ya pili mvua ilianza kweli kweli na hatukuzungumza. Nilizima feni, kioo kikafuka, nikakifuta kwa kitambaa. Geji ilisema 9. Kisha 4. Kabla hatujalifikia daraja ikasema sifuri na kobe akawaka. Zilibaki kilomita thelathini. Nilipunguza mwendo na kuanza kutafuta pembeni pa kusimama.

"Kuna nini?" Baba aliuliza.

Nikamweleza yote: betri, tumbo la zamani, kilomita tisa nilizojaribu, kifaa ambacho hakijafika. Nilitarajia mzaha. Alisikiliza kama nilivyokuwa namwona akisikiliza injini.

"Kwa hiyo geji imekufa," alisema.

"Imekufa, Baba."

"Si mara ya kwanza. Umetembea ngapi tangu ujaze? Unaandika?"

"Kila kitu kipo kwenye daftari, mkobani hapo," nilisema. Nilikumbuka kilichomo wakati ameshavaa miwani.

"Kurasa za mwanzo hazina maana, Baba. Fungua tarehe kumi na mbili ya Aprili."

"Natafuta namba," alisema, akafungua ukurasa wa kwanza.

Nilikuwa na mikono yote miwili kwenye usukani na mvua usoni. Niliendesha. Alilowanisha kidole, akafunua. Alisoma kama anavyosoma kila kitu, midomo inatembea. Nilijua amefika ukurasa upi kwa unene wa karatasi alizozikunja upande wa kushoto. Tarehe tatu. Tarehe kumi na mbili ya Machi. Tarehe ishirini na tatu. Hapo alikaa kuliko kwingine. Nilitamani gari lizime kweli.

Akaendelea, mpaka majaribio. Akatoa kalamu mfukoni mwa shati.

"Uniti ishirini na sita zilikupeleka mia na thelathini. Betri arobaini. Hiyo ni mia mbili." Alikuwa anaandika pembeni. "Toa arobaini kwa mlima na mvua na uzito wangu. Mia na sitini. Kwenda na kurudi ni mia na arobaini na mbili. Una akiba ya kumi na nane." Akafunga daftari. "Hesabu ni zako. Mwandiko ni wako. Unaogopa nini?"

"Naiona ile sifuri, Baba."

Akavua kofia yake, akanipa. "Ifunike."

Niliitundika juu ya dashibodi. Ilificha sifuri, kobe, hata mwendo wangu sikuuona. Ilinuka mafuta ya nywele. Baba akanyoosha mkono akawasha feni na kioo kikasafika chote mara moja, nikaiona barabara yote mpaka kwenye kona. Hatukusema lolote la maana kilomita zilizobaki. Aliniambia nipunguze mwendo kwenye matuta, nivute pumzi, lori lile la mbele nilipite. Nililipita.

Tulifika saa kumi na moja kasorobo. Nilizima gari getini, nikaegemea usukani nikalia, na Baba akangoja amekaa, maana kutoka peke yake hawezi.

Km 142.

Jumapili, 27 Aprili

Uniti 29 kujaza. Kwa hesabu, kumi na moja zilikuwa zimebaki. Nimempigia fundi simu. Amesema, "Si nilikwambia?" na haki anayo.

Asubuhi nilikuta daftari mezani, si pale nilipoliacha. Chini ya tarehe 23 Machi, penye nafasi, kuna mwandiko wa herufi kubwa kubwa, ule wa chaki mlangoni mwa lori:

DARASA LA NNE B. NILIKUPELEKA SHULE NA LORI, LIKANIZIMIKIA GETINI, WENZAKO WAKALISUKUMA. ULISEMA BABA USIJE TENA. SIKUJA TENA. LA TANO MPAKA LA SABA NILIKUWA NASIMAMA BARABARA YA JUU, MTAA WA NYUMA, KILA NIKIPITA, NIKUONE. LA SITA ULIVAA SWETA LA KIJANI.

Nimeisoma mara tatu. Sweta nilikuwa nalikumbuka siku zote. Lori getini nilikuwa nimelisahau kabisa, mpaka nikaliona pale limeandikwa, na wenzangu wanasukuma, na mimi nimefunika uso kwa mkoba. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema.

Nilimkuta Baba uani akitazama gari. Nilimpelekea chai. Nilitaka kusema neno, nikasema jingine.

"Nilikuwa na miaka kumi, Baba."

"Najua," alisema. "Mimi nilikuwa na thelathini na sita. Nilipaswa kuja tu."

Tukakaa pale mpaka chai ikaisha.

Jumatatu, 5 Mei

Fundi kaleta kifaa cha kupatanisha. Nimemwambia akiweke kesho.

Alhamisi, 8 Mei

Fimbo za mapazia nimezifunga juu ya paa. Km 37. Uniti 7. Abiria mmoja. Hakuna mvua.